Programu huria zinakukwamisha? Tatizo mara nyingi liko kwenye mwongozo

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, dawati letu la msaada wa TEHAMA hapa Dar es Salaam linapata wateja wa aina moja kwa wingi. Mtu ana laptopu ya mtumba ya Kariakoo, nzima kabisa, ila prosesa yake ni ya zamani mno kwa masharti ya Windows 11. Amesikia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ni ya bure na haina habari ya kuvunja leseni, akaiweka. Baada ya muda anarudi amenuna: hii kitu yenu haifai.

Kuilaumu programu yenyewe si haki sana. Hasira yake, hata hivyo, ina msingi. Kwa tunayoyaona sisi, wengi wanaoachana na programu huria, yaani zile kama Linux ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa wote, hawakushindwa na kazi ngumu. Walikwama mwanzoni kabisa, mahali ambapo aliyeandika mwongozo alipita bila hata kujua kwamba kuna mtu anaweza kukwama.

Chukua suala la paswedi. Mwongozo unasema: fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika amri inayoanza na sudo (neno la kuomba ruhusa ya msimamizi wa mashine), kisha ingiza paswedi yako. Unaanza kuandika, na skrini haionyeshi chochote. Hakuna nyota, hakuna nukta, kishale kimeganda palepale. Aliyezoea Windows anaamini kibodi imekufa. Atabonyeza kwa nguvu zaidi, atafuta, ataandika tena, mwishowe atazima mashine kwa kukandamiza kitufe. Kumbe herufi zilikuwa zinaingia muda wote. Mfumo unazificha kwa makusudi ili anayekuchungulia begani asijue hata paswedi yako ina urefu gani, na hiyo ni desturi ya tangu enzi za Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imeuiga. Unaandika mpaka mwisho, unabonyeza Enter, basi. Watengenezaji wa Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, waliliona hilo wakaweka nyota. Kwenye mifumo mingine mingi mgeni ameachwa agundue mwenyewe, na miongozo mingi haina hata sentensi moja ya kumtoa wasiwasi.

Ukitaka kujua kwa nini iko hivyo, angalia nyaraka hizi zilikotoka. Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971. Uliandikwa kwenye maabara za utafiti za Bell Labs, Marekani, kwa ajili ya watu waliokuwa wakifanya kazi jengo moja na waliotengeneza mfumo wenyewe. Msomaji wake alikuwa anajua tayari, alichohitaji ni kukumbushwa tu. Mtindo huo upo hadi leo. Andika man tar kwenye terminali (yaani nionyeshe mwongozo wa tar, programu ya kufungasha mafaili) uone: utapewa machaguo kwa makumi, kila moja na maelezo yake sahihi kabisa, lakini namna ya kufungua lile faili moja lililobanwa ulilotumiwa na mwenzako itabidi uichokonoe humo humo.

Daniele Procida, mtaalamu wa uandishi wa nyaraka za programu, amezigawa nyaraka katika makundi manne: somo la kumshika mkono anayeanza, maelekezo ya kukamilisha kazi fulani, marejeo ya kuchungulia unapotaka jambo mahususi, na maelezo ya kwa nini mambo yako yalivyo. Nauona mgawanyo huu kuwa na faida kubwa zaidi kwa msomaji kuliko hata kwa mwandishi. Ukiwa mgeni ukaangukia kwenye marejeo, utajiona mjinga bure. Funga ukurasa huo, tafuta ulioandikwa kwa anayeanza. Shida ni kwamba miradi mingi ina marejeo tele na masomo ya kuhesabika.

Watengenezaji wa programu wenyewe wanalijua hilo. Utafiti wa GitHub, tovuti ambako watengenezaji huhifadhi msimbo wao, wa mwaka 2017 kuhusu programu huria ulionyesha kuwa asilimia 93 ya waliohojiwa walikuwa wamekutana na tatizo la nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati, huku asilimia 60 ya wachangiaji wakisema ni nadra wao kugusa nyaraka, au hawazigusi kabisa. Wengi wanajitolea, na anayeandika msimbo ndiye anayepigiwa makofi.

Hapa mjini balaa linajitokeza zaidi steshenari, kwa sababu kazi nyingi huishia huko. Kijana ameandika CV yake kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi inayofanya kazi kama za Word, ameipanga vizuri kurasa mbili, akaihifadhi. LibreOffice isipoambiwa vingine huhifadhi kwa muundo wa ODT. Anafika dukani, anatoa flashi, anamkabidhi dada.

“Kaka, faili lako limevurugika. Limekuwa kurasa tatu.”

“Dada, nyumbani lilikuwa sawa.”

“Sasa hapa ndo liko hivi. Nikupangie upya? Ila utaongeza hela.”

Hakuna aliyekosea kati yao. Word ya dukani imefungua muundo ambao si wake na kuusoma kwa namna yake, na fonti nayo inaweza kuwa imebadilishwa: Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo kwenye Linux nafasi yake kwa kawaida hushikwa na Carlito, iliyochongwa kwa vipimo vilevile. Dukani kama Carlito haipo, Word inachagua fonti nyingine na mistari inahama. Dawa ni kutofautisha safari za faili. Linalokwenda kuchapwa litoke nyumbani likiwa PDF, na kitufe chake kipo juu kabisa kwenye upau wa LibreOffice. Linalokwenda kuhaririwa na mwingine lihifadhiwe kama DOCX. Kama kila siku unabadilishana kazi na watu wa Word, ingia Tools, Options, Load/Save, kisha General, uchague muundo wa Word uwe wa kudumu. Mambo haya yote yamo kwenye miongozo ya LibreOffice, tena imeandikwa vizuri. Yamo tu mahali ambapo mtu mwenye haraka ya kuwahi usaili hatafika.

Wachora mabango nao wana yao. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, GIMP, programu huria ya kuhariri picha, ukibonyeza Save inakupa faili la XCF, ambalo ni la kazi yako wewe tu. Picha ya kupeleka kwa mchapaji inatoka kwenye Export. Waliobuni utaratibu huo walikuwa na sababu: walitaka usipoteze matabaka (layers) ya kazi yako kwa kuhifadhi JPG bila kufikiri. Sababu nzuri, ila mteja aliyesimama mbele yako haijui.

Kuna pia suala la tarehe, ambalo linakula bando za watu kimyakimya. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, hutoa toleo kila miezi sita, na namba yake ni mwaka na mwezi: 24.04 ni ya Aprili 2024. Yale ya muda mrefu, LTS, hutoka kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa miaka mitano kwa kawaida. Sasa mtu anafungua video ya mafunzo ya 14.04, anaifuata amri kwa amri, na amri nyingi zinarudisha kosa. Toleo likizeeka, hazina zake za programu huweza kuhamishwa kutoka seva za kawaida, ndiyo maana unaweza kukutana na 404 Not Found, yaani kinachotafutwa hakipo. Kabla hujaangalia video yoyote, soma namba ya toleo na mwaka iliyowekwa. Na kwa kuwa faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6 (Linux Mint ni kama nusu yake), lishushe kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, siyo kwa bando la siku. Ukiwa hapohapo, shusha miongozo ya LibreOffice kwa PDF na usakinishe na kifurushi cha msaada. Usipokisakinisha, ukibonyeza F1 inakupeleka mtandaoni.

Kuhusu Kiswahili nina maoni ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini leo mgeni akiweka menyu za Kiswahili wakati video na miongozo karibu yote inataja majina ya Kiingereza, anabaki kuhesabu vitufe kutoka kushoto. Mimi humshauri anayeanza aache menyu kwa Kiingereza mpaka mkono uzoee. Tunachohitaji zaidi kwa Kiswahili sasa hivi ni masomo.

Na masomo yakiwepo watu wanaweza. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwaweka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa maeneo ya mafuriko kuchora ramani za mitaa yao kwa OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) na QGIS (programu huria ya kutengeneza ramani). QGIS si programu nyepesi, hata mtaalamu hutoka jasho. Ila pale kulikuwa na mtu wa kuuliza aliyesimama mezani, na mifereji, nyumba na vichochoro vikaingia kwenye ramani.

Wewe unayejifunza peke yako nyumbani, mtu huyo utampata kwenye makundi ya watumiaji, na hapo namna ya kuuliza ina uzito. “Haifanyi kazi” haijibiki. Taja mfumo na toleo lake, eleza ulifanya nini kabla ya kosa, kisha nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, usiufupishe wala kuutafsiri. Akitokea mtu akakujibu kwa kejeli eti ukasome mwongozo, muulize ukurasa gani. Kimya kikitawala, uliza kwingine.

Kwa anayefikiria kuhamia Linux mwezi huu, usifute chochote kwanza. Ubuntu na Mint zote hukuruhusu kuwasha mashine kwa flashi na kujaribu mfumo bila kugusa diski. Humo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Laptopu nyingi za zamani zenye kadi ya Wi-Fi ya Broadcom zinahitaji draiva (programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi) ya ziada, na mwongozo utakuambia uishushe mtandaoni, wakati mtandao wenyewe ndio huna. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na mfumo utaiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao. Ukishausakinisha mfumo, fungua Additional Drivers kwenye Ubuntu, au Driver Manager kwenye Mint, chagua draiva inayopendekezwa na uwashe mashine upya kama ukiambiwa.