Je, wajua kwa nini besi iliyopinda shingo ndiyo ya kununua?

Ukizunguka mitumba ya Kongowea hapa Mombasa, au yale maduka yanayouza vitu vilivyotumika kutoka Uingereza, mara mojamoja utaliona: gitaa la besi limeegemezwa kati ya pasi na baiskeli ya mtoto, uzi mmoja haupo, vumbi limeganda. Fumba jicho moja uichungulie shingo yake kama mtu anayelenga manati. Imebonyea katikati, na nyuzi zimesimama juu kiasi cha kupitisha kidole chini yake. Muuzaji naye ameshaona, kwa hiyo bei inashuka kabla hujaomba. Hapo ndipo wale wanaonunua besi kuukuu, wakazitengeneza na kuziuza tena, hutoa pesa. Kwa nini wakimbilie kilema na kuliacha lililonyooka?

Nianze na jibu nililokuwa nalo mimi, maana nilikaa nalo miaka minne na lilinitia hasara. Niliamini mambo matatu. La kwanza, kwamba shingo hupindwa na jua: gitaa limesahauliwa kwenye gari au limekaa dirishani, joto la Mombasa likalikunja. La pili, kwamba ikishapinda basi. Si tunaambiwa samaki mkunje angali mbichi? Na mbao ya besi ilikauka zamani, kabla hata sijazaliwa. La tatu, kwamba shingo nzima ni ile iliyonyooka kama rula.

Yote matatu si kweli, ingawa la kwanza lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana linadumu.

Kwa imani hiyo nilikuwa nikinunua besi zilizonyooka tu. Ziko, lakini kila mtu anaziona kuwa zimenyooka, akiwemo anayeziuza. Nilinunua moja kwa shilingi 11,000, nikaisugua hadi ikang'aa, nikaiuza 12,000, nikajiona mfanyabiashara. Kisha siku moja nikaongezewa besi iliyopinda, bure, kama mtu anavyoongezewa ndimu moja sokoni. Nikaamua kuitibu. Nikailaza barazani kifudifudi, nikaiwekea matofali matatu yaliyofungwa kwenye kikoi kikuukuu, nikaiacha siku nane. Ijumaa ilikuwa imenyooka. Nikaifunga nyuzi kwa furaha. Jumapili jioni ilikuwa imepinda tena, na nilipoichungulia niliona kama inanicheka.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza udi, ule wa kupigwa na si wa kufukiza, lakini magitaa nayo humfikia. Nikamweleza habari ya matofali. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, unamkanda mgonjwa kwa nje na maradhi yamo ndani."

Akafungua kifuniko kidogo cha plastiki kichwani mwa gitaa, chenye skrubu mbili, na chini yake pakaonekana tundu. Ndani ya tundu mlikuwa na nati. Nilikuwa nimelimiliki gitaa lile miezi miwili, na kile kifuniko nilikidhani pambo.

Nati ile ni ncha ya fito ya chuma inayopita ndani ya shingo yote, kutoka kichwani hadi karibu na tumbo la gitaa. Mafundi huiita trasirodi. Si jambo geni: Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya magitaa ya Gibson huko Marekani, alipewa hataza ya fito ya namna hiyo mwaka 1923. Besi ya umeme iliyoenea duniani, ile Precision ya Leo Fender, ilikuja mwaka 1951, na tangu zamani besi za umeme zinazouzwa kwa wingi zimekuwa na fito hiyo tumboni mwa shingo. Udi hauna. Shingo yake ni fupi na nyuzi zake ni laini, kwa hiyo hauihitaji.

Besi inaihitaji kwa sababu ya mzigo. Nyuzi nne za kawaida, zikishakazwa sawasawa, kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 80. Ni kama mtu mzima amening'inia kwenye kipande cha mbao chembamba kuliko mkono wa mtoto, mchana na usiku, hata gitaa likiwa kwenye mkoba. Ukifunga kamba kwenye ncha mbili za ufito unapata upinde, na wala hapahitajiki jua.

Sasa fito ya chuma inafanyaje kazi? Hapa ndipo nilipokwama zaidi, maana nilidhani inanyoosha shingo kwa ugumu wake, kama nondo ndani ya zege. Sivyo. Katika aina ya zamani na iliyo ya kawaida, fito haikulazwa ikiwa imenyooka. Imepitishwa kwenye mfereji uliobonyea katikati, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea. Basi ifikirie kamba hiyo. Umeifunga kati ya nguzo mbili, umeanika kanga zilizolowa, imening'inia katikati hadi pindo za kanga zinakaribia mchanga. Hutaziinua kanga kwa kuzisukuma moja moja. Unakwenda kwenye ncha ya kamba, unaivuta, na kamba kwa kutaka kunyooka inainuka yenyewe katikati na kuzinyanyua. Fito ndiyo kamba, mbao ya shingo ndiyo kanga. Ukikaza nati kichwani, chuma kinataka kunyooka, na kikinyooka kinaisukuma mbao ya katikati irudi juu, kinyume na nyuzi zinavyovuta. Ukilegeza, nyuzi zinashinda na shingo inabonyea tena.

Kwa hiyo matofali yangu yalikuwa yanashindana na mtu wa kilo 80 ambaye halali. Nilipoyatoa, yeye bado alikuwepo.

Mzee akachukua alenki, ule ufunguo wa pembe sita, akaizungusha nati robo mduara kuelekea kulia, akaichungulia shingo, akaniomba nimpigie simu mjukuu wake alete chai, akazungusha robo nyingine. Tulikunywa chai. Akazungusha robo ya tatu na kusema inatosha kwa leo, mbao inahitaji muda wa kukubali. Nikamwambia bado haijanyooka kabisa. Akasema ndivyo inavyotakiwa, na hapo lile kosa langu la tatu nalo likafa.

Watoto wakizungusha kamba ya kuruka, kamba haichezi sawa kila mahali: mikononi inasogea kidogo, katikati inapiga chini. Uzi wa besi ni vilevile. Uzi mnene wa E hutikisika mara 41 kwa sekunde, kwa mtikisiko mpana unaoonekana kwa macho. Shingo ikinyooka kama rula, uzi unagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, na kutoa mlio wa nyuki chupani. Shingo inatakiwa kubonyea kidogo sana, karibu milimita 0.3 hivi katikati, ili uzi upate pa kuchezea. Kipimo chake hakitaki mashine: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama pengo lililobaki juu ya freti ya saba. Kadi nyembamba ya kukwangua ya salio la simu ikipita kwa taabu kidogo, uko karibu. Ukiweza kupitisha sarafu ya shilingi tano, shingo imepinda. Na hapo hapo niseme, kwa kuwa nililikosea hili pia: nati hii si ya kushushia nyuzi. Kimo cha nyuzi hurekebishwa kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kule chini tumboni. Anayekaza trasirodi ili nyuzi zishuke huishia kuvunja kitu.

Vipi kuhusu Mombasa? Joto lina mchango wake, na gundi ya gitaa lililoachwa ndani ya gari juani inaweza kulegea kweli. Lakini kinachoisogeza shingo zaidi kila siku ni unyevu wa hewa, ambao hapa kwa wastani huzunguka asilimia 75 hadi 80. Mwenye nyumba ya zamani anajua: mvua za Mei zikianza, mlango wa mbao hukwama ubavuni, si juu, kwa sababu mbao ikinywa maji hutanuka kwa upana kuliko kwa urefu. Shingo ya besi mara nyingi ni mbao mbili zilizogandishwa: nyuma ni ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, mbele ni mbao ya kahawia au nyeusi. Hazinywi kwa kasi moja wala hazitanuki kwa kiasi kimoja. Zaidi ya hapo, mbao yenye unyevu hulegea kidogo, na mbao iliyobebeshwa mzigo muda mrefu hukubali umbo la mzigo. Besi iliyokaa miaka kwenye chumba chenye hita Uingereza, ikashushwa bandarini hapa, ina kila sababu ya kupinda bila mtu yeyote kuikosea.

Si kila iliyopinda inapona, hata hivyo. Iliyojisokota, upande wa uzi mnene ukienda huku na wa uzi mwembamba kule, iache. Iliyoinuka mwishoni tu, pale shingo inapoungana na tumbo, fito haifiki. Na nati iliyoliwa pembe zake ni balaa, nayo huliwa kwa uvivu wa vipimo: magitaa mengi ya Kimarekani hutumia inchi na mengi ya Asia milimita. Nati ya inchi 3/16 ni milimita 4.76. Alenki ya milimita 4.5 huingia, hucheza kidogo, halafu huzilainisha pembe zote kwa mzunguko mmoja. Basi nikienda sokoni huwa na alenki zote mfukoni, na kabla ya kutaja bei naomba kuijaribu nati. Ikizunguka kwa ukinzani mwororo, na bado ina nafasi ya kukazwa, nanunua. Kama ilishakazwa hadi mwisho na bado shingo imepinda, narudisha gitaa ukutani kwa adabu.

Magonjwa mengine ya besi za pwani ni mepesi kuyasimulia. Chumvi ya hewani hula nyuzi, soketi ya waya na vitufe vya sauti. Mkwaruzo kwenye spika kwa kawaida ni soketi iliyolegea au kutu ndani ya kitufe. Dawa ya kusafishia swichi na risasi kidogo ya kulehemu vinatosha. Pikapu, si ile ya kubebea mchanga, nazungumzia sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba chini ya nyuzi, hufa mara chache. Nyuzi kuukuu wapo wanaozichemsha kwenye sufuria ili zing'ae sauti. Inafanya kazi, kwa kuwa inatoa mafuta ya vidole yaliyojaa kati ya mizunguko ya waya, lakini haidumu, na zenye kutu haziponi. Kuhusu maneno ya kwamba mbao ya zamani hulia vizuri zaidi, wapigaji wanabishana bila kuelewana. Mimi huwa sibishani na mteja anayeamini hivyo.

Hesabu ya ile niliyonunua baada ya somo la mzee: gitaa 6,000, nyuzi mpya 2,800, soketi 150. Shingo ilichukua siku tatu, robo mduara kila siku, baada ya kulegeza nyuzi kwanza ili nati isibebe mzigo wote peke yake. Gharama ya shingo yenyewe ilikuwa sifuri. Niliiuza 15,000 kwa kijana wa kanisani. Wanunuzi hapa hawakosekani: makwaya, bendi za hoteli za ufukweni, vikundi vya taarabu. Mji huu ndio ulioitoa bendi ya Them Mushrooms mwaka 1972, na besi zake hazijawahi kunyamaza.

Kila ninayemuuzia humpa alenki yake na kumwonyesha tundu liko wapi. Mmoja alihamia Nairobi na besi yake, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, kwenye hewa kavu zaidi. Baada ya wiki tatu akapiga simu: nyuzi zinalia nyuki, gitaa limeharibika. Nikamwambia mbao imekauka, shingo imenyooka kupita kiasi, azungushe nati robo mduara kwenda kushoto.

Akanyamaza kidogo.

"Kushoto kwangu, kaka, au kushoto kwa gitaa?"