Ndege Ndogo Si Ndege Rahisi

Ninaliandika jambo hili ili nisilazimike kulirudia uwanjani, kwa kuwa karibu kila mgeni anayetaka kujifunza kurusha ndege za rimoti hapa Arusha huja na maneno yaleyale: "Fundi, naomba nianze na kandege kadogo kwanza, nikishazoea nitanunua kubwa." Mkononi ana kindege cha mabawa ya sentimita 50 au 60, ama kimeletwa na mjomba aliyepita Dubai, ama kimenunuliwa Kariakoo kwa muuzaji ambaye hajawahi kurusha chochote. Husema hivyo kwa unyenyekevu, na unyenyekevu huo ndio unaonipa shida, maana si rahisi kumweleza mtu mnyenyekevu kwamba amejichagulia ndege ngumu kuliko ninayorusha mimi.

Wapo pia vijana wa vyuo vya ufundi wanaonijibu kwa hesabu, na lazima nikiri kwamba hesabu yao ni sahihi. Ukipunguza vipimo vyote vya ndege kwa nusu, eneo la bawa hubaki robo na uzito hubaki thumuni, kwa hiyo kila desimita ya mraba ya bawa hubeba nusu ya mzigo wa awali, na kasi ya stoli, yaani ile ambayo chini yake bawa huacha kuibeba ndege, hushuka hadi takriban asilimia 71 ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo, wanahitimisha, ndege ndogo huruka polepole zaidi, na kinachoruka polepole ni chepesi kujifunzia. Hapo kwenye hitimisho ndipo tunapoachana.

Chukua ndege ya mafunzo yenye mabawa ya mita 1.4 inayopata stoli kwenye mita 8 kwa sekunde. Ndugu yake wa mita 0.7 atapata stoli kwenye kama mita 5.7 kwa sekunde. Sasa acha kupima kwa mita za ardhini, upime kwa upana wa mabawa ya ndege yenyewe: ile kubwa, ikiwa kwenye kasi hiyo, husogea chini kidogo ya mara 6 ya upana wake kila sekunde, na ile ndogo husogea mara 8. Kila kinachotokea kwenye ndege ndogo, iwe ni kuinama upande, kuinua pua au kuanza kubingirika, hutokea upesi zaidi, ilhali muda ambao mwanafunzi anauhitaji ili aone, aamue na kusogeza kijiti haukupunguzwa na mtu yeyote. Upepo nao haukupunguzwa. Mkupuo wa upepo wa mita 3 kwa sekunde ni zaidi ya nusu ya kasi ya stoli ya ile ndogo, lakini kwa ile kubwa haufiki hata asilimia 40. Tena hapo nimeipendelea ndogo, kwa sababu katika maisha halisi betri, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na servo (vimota vinavyosogeza vibao vya kuongozea ndege) havipungui kwa uwiano ule mzuri wa kwenye karatasi, na hivyo vindege vingi vya bei nafuu huwa vizito kuliko hesabu inavyoahidi.

Halafu kuna jicho, na hili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Ndege ya mabawa ya sentimita 70 ikiwa umbali wa mita 100 huonekana kwa ukubwa uleule wa punje ya mchele iliyo mita moja mbele ya uso wako. Mwambie mwanafunzi akuoneshe ni upande upi wa punje hiyo ulioinama, na kama punje inakuja au inakwenda, kisha umwambie anazo sekunde mbili za kujibu kabla haijagonga mgunga. Ndege nyingi za wanaoanza ambazo nimezitazama zikianguka hazikuanguka kwa kukosa kasi wala kwa betri kuisha. Zilianguka kwa sababu mwenye rimoti aliacha kujua ndege imeelekea wapi, akaendelea kusogeza vijiti kwa kubahatisha. Ndege inapokuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na hata mwanafunzi mwenye akili nyingi hukwama hapo. Njia ninayofundisha ni kusogeza kijiti cha eleroni, yaani vile vibao vya mabawani vinavyoinamisha ndege upande, kuelekea upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliegemeza lisianguke zaidi, lakini njia hiyo haina faida yoyote kama bawa lenyewe halionekani.

Mwinuko wetu unaongeza chumvi. Arusha mjini tuko kwenye takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko pwani, na hilo peke yake hupandisha kasi ya stoli kwa takriban asilimia 7. Moshi, iliyo chini zaidi, hupata kama nusu ya adhabu hiyo. Propela nayo huvuta hewa nyepesi, kwa hiyo msukumo hupungua. Wenzetu wanaopanda na ndege zao kutoka Tanga au Dar es Salaam hulalamika kwamba ndege imeota uzito njiani, ilhali mizani inaonesha gramu zilezile. Nakiri kwamba sijui kutenganisha kwa uhakika, nikiwa uwanjani, kipi kimesababishwa na mwinuko, kipi na jua la saa saba, na kipi na mkono wa rubani mwenyewe. Mafundisho ya vitabuni huyatenganisha vizuri mno kuliko ninavyoweza kuyaona kwa macho. Ninachoona ni kwamba kindege kilichorushwa kwa mkono bila nguvu ya kutosha huku kwetu hutua miguuni pa aliyekirusha.

Basi mtu anunue nini? Ndege ya mabawa ya mita 1.2 hadi 1.5, yenye bawa juu ya kiwiliwili, ncha za mabawa zilizoinuka kidogo na mota moja ya umeme, ikiwa imetengenezwa kwa foamu ya EPO. Foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni huyeyuka ikiguswa na supaglu ya kawaida, lakini EPO huvumilia, na ndege iliyokatika pua asubuhi yaweza kuruka tena kabla ya chakula cha mchana. Asinunue ndege ya kivita ya mabawa membamba kwa sababu ya rangi zake. Asinunue pia sanamu ya Caravan, ile ndege ndogo ya abiria, kwa sababu tu anaziona kila siku zikipaa uwanja wa Kisongo kwenda Serengeti. Zile za kweli zina mabawa ya karibu mita 16 na rubani aliyesomea.

Mengine nayapitia haraka. Kitovu cha uzito kiwe kati ya robo na theluthi ya bawa, ukipima kutoka ukingo wake wa mbele kwenda wa nyuma, na ukikosea bora kielekee mbele. Betri ya lipo (ile ya lithiamu ya ndege hizi) usiishushe chini ya volti 3.5 kwa seli, wala usiichaji ukiwa umelala. Kaeni mbali na uwanja wa ndege wa Kisongo na ule wa Moshi, na suala la vibali liulizwe TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kurusha. Rukeni asubuhi, kwani kuanzia kama saa nne jua likishapasha miteremko ya Meru na Kilimanjaro hewa huanza kupanda mlimani na upepo huamka. Wakati wa kiangazi, kwenye tambarare za kusini mwa Moshi, hufuatana na chamchela ambazo haziheshimu ndege ya ukubwa wowote.

Hoja moja ya wapenda vindege inanishinda nusu, nayo ni kwamba kitu chepesi kikianguka hakivunjiki sana. Ni kweli. Kindege cha gramu 100 hudunda kwenye nyasi, wakati ndege ya kilo moja na robo huacha pua yake pale ilipoangukia. Pia ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha, pasipo na upepo, kindege cha gramu chache hufundisha vizuri. Ila wanaotaka kurushia ukumbini sijawaona. Wote wanataka uwanja wa mpira saa tisa alasiri.

Kuhusu jairo, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachoinyoosha bila rubani kugusa kijiti, bado sina msimamo. Wanaoanza nayo hawakati tamaa upesi, na hilo si jambo dogo kwa mchezo ambao vipuri vyake husubiriwa kwa wiki kadhaa. Hata hivyo nimewaona wengine wakiizima baada ya miezi na kugundua kwamba aliyekuwa akirusha ndege ni jairo. Kwa sasa naiwasha wakati wa kupaa na kutua, naizima juu, na namuunganisha mwanafunzi na rimoti yangu ili niweze kumnyang'anya ndege kwa swichi moja. Kama kuna njia bora zaidi, natamani kuijua.

Aliyekwisha kununua kindege asikitupe. Apunguze umbali ambao servo husogea, kwenye rimoti, hadi kama asilimia 60, abandike utepe mpana mweusi chini ya bawa la kushoto peke yake, aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi majani yakiwa yametulia, na asikipeleke mbali zaidi ya pale anapoweza kuuona utepe huo.