Jiko la zamani kulifanya la kisasa: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Nyumba nyingi za zamani Dar, Tanga au Morogoro, jiko lake unalijua hata kabla hujaingia: kadirisha kadogo kenye nondo na wavu uliojaa mafuta, sinki la zege, shelfu la zege, ukuta wa rangi ya mafuta ya kijani au krimu mpaka nusu, na juu masizi. Mwenye nyumba akipata hela anataka jiko jeupe, lenye makabati, linalong'aa, na ana haki kabisa. Shida ni ushauri anaopewa. Naumia sana kuona mtu katoa mamilioni afu jiko bado giza, na lingine limekuwa hatari kuliko lilivyokuwa mwanzo.

"Paka nyeupe tu, jiko litakuwa na mwanga." Hapana jamani. Rangi haitengenezi mwanga, inarudisha ule ulioingia, sasa kama dirisha ni la futi mbili na nje kuna ukuta wa jirani hiyo nyeupe utaiona kijivu mchana kutwa. Hela ya kwanza iende dirishani. Panua, fundi aweke linta ya maana juu, na kama jiko liko banda la uani chini ya bati, badilisha bati moja uweke lile la kupitisha mwanga, gharama yake ndogo na tofauti unaiona siku hiyohiyo. Halafu haya madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi ambayo kila mtu anaweka, yanafunguka nusu tu, yaani dirisha la futi nne linakupa hewa ya futi mbili, wakati la bawaba linafunguka lote. Na rangi yenyewe, nyeupe ya mafuta inageuka njano, tena inageuka haraka zaidi sehemu yenye giza, kwa hiyo kwa jiko bora rangi ya maji ya silki inayofutika. Ukuta wenye masizi usipakwe juu kwa juu, uoshwe kwa sabuni, upigwe msasa, praima, ndo rangi, la sivyo madoa yatatokeza tena.

"Weka balbu kubwa katikati ya dari." Ukisimama kwenye kaunta taa iko mgongoni kwako, unakata nyama kwenye kivuli chako mwenyewe! Jiko linataka taa juu ya kaunta, ule mkanda wa LED chini ya makabati unatosha. Acha kuangalia wati, angalia lumeni, yaani kiasi cha mwanga, maana balbu ya LED ya wati 9 inatoa takriban lumeni 800, sawa na ile ya zamani ya wati 60. Na nyeupe ile ya bluu, ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), wengi wanaiona ndo ya kisasa ila chakula kinaonekana kimepauka, jaribu 4000.

Sasa hili la gesi naomba msome taratibu.

"Jiko la kisasa mtungi hauonekani, unafichwa kabatini, na yale matofali ya matundu yazibwe kwa tailizi ukuta uwe safi." Hii ndo dhana mbaya kuliko zote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kutafuta dari, inashuka chini na kutulia sakafuni, kwenye kabati, hata kwenye mfereji wa maji machafu, ikisubiri cheche ya kiberiti au ya swichi ya friji. Kabati lililofungwa pande zote linaikusanya vizuri kabisa. Matundu ya juu peke yake hayasaidii hapo, unataka matundu ya chini kabisa yanayotoka nje. Mahali pazuri pa mtungi ni nje, kivulini, umesimama wima, mbali na mfereji, na bomba linapita ukutani kuingia ndani. Kama lazima ukae ndani basi mlango wa kabati uwe na matundu chini na ukuta wa nyuma utobolewe. Na yale matofali ya matundu ya juu yaacheni nayo, maana gesi ikiisha usiku wengi wetu tunawasha mkaa, na mkaa kwenye chumba kilichozibwa unatoa kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi, mtu anajisikia kichwa kinauma tu afu analala.

Kuhusu mashine za kunyonya moshi, zile zisizo na bomba la kutoka nje zinachuja mafuta na harufu kiasi tu, mvuke na joto vinarudi humohumo ndani. Kama kwako samaki wanakaangwa kila siku, ulizia yenye bomba.

"Marini bodi haiingizi maji." Hii bodi ya makabati inastahimili kuliko MDF, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, sawa, ila kingo zilizokatwa, hasa pale tundu la sinki, zisipozibwa inavimba. Graniti nayo wanasema haichafuki, kumbe ina vinyweleo, manjano na mafuta vinazama kama haijapakwa dawa ya kuziba. Ila limao haliiharibu. Jiwe halisi la marumaru ndo linaliwa na limao na siki.

"Bomoa kila kitu uanze upya." Shelfu la zege likiwa imara libaki, liskimiwe na livishwe tailizi. Sinki likibaki palepale umeokoa hela nyingi za bomba. Hata tailizi za zamani, zigonge moja moja, zisizolia tupu unaweza kubandika mpya juu yake.

Umeme hauna mjadala, ukishughulikiwa mwisho utapasua tailizi mpya. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inabeba wati 3000 hivi, birika na oveni kwenye ekstensheni moja ni moto unaongoja muda tu. Jiko kubwa la umeme linataka laini yake toka meinswichi, kwa kawaida waya wa 6 mm za mraba, na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie aionyeshe kabla hajafungua boksi la kwanza.