Chuma hakiungui, lakini moto unakiangusha

Rafiki yangu anajenga ghala kando ya ziwa hapa Mwanza. Juzi kaniambia kwa kujiamini: “Nguzo za chuma, kenchi za chuma, moto utaunguza nini?” Kweli, chuma hakishiki moto, na huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 za Selsiasi, joto ambalo moto wa jengo kwa kawaida haulifikii.

Ila si lazima kiyeyuke ndipo kianguke. Mtazame mhunzi: pande likitoka kwenye makaa ni jekundu, kwa macho bado gumu, lakini nyundo tatu tu limejikunja. Kwenye nyuzi 600 hivi chuma cha ujenzi kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake, na moto wa ghala lililosheheni magunia hupita hapo. Tena hurefuka: boriti ya mita 10 ikipanda nyuzi 500 huongezeka kama sentimita 6 na kusukuma kuta. Gogo nene la mbao (ndiyo, mbao!) huungua nje, kiini kikabaki kinabeba mzigo kwa muda.

Nguzo hizo zivishwe zege, jipsamu, au rangi inayovimba ikipata joto. Rangi ya kuzuia kutu haisaidii kitu hapo.