Aria da kapo ni nini, na mbona opera za Handel zinajirudiarudia?

Ukisikiliza opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Handel, mtunzi Mjerumani wa miaka ya 1700 aliyefanya kazi London, mara ya kwanza utachoka mapema, mtu anaimba maneno yaleyale, anabadilisha kidogo, halafu huyo karudi tena mwanzo, unajiuliza hivi hii stori inasonga au imekwama? Haijakwama, hiyo ndo aria da kapo.

Iko hivi, wimbo una sehemu mbili, ya kwanza ndefu, ya pili fupi na mudi inabadilika, ikiisha mwimbaji anarudia ile ya kwanza yote. Mtunzi wala hajisumbui kuiandika upya, anaweka tu "D.C." kwenye noti, yaani "da capo", Kiitaliano cha "toka mwanzo", basi. Ila kurudia sio kopi na pesti, hapo mwimbaji anaachiwa uwanja atie vikolombwezo vyake, na watu wa London walikuwa wanatoa hela kusikia hicho hasa. Mastaa kama Senesino (mwanaume aliyehasiwa akiwa mdogo ili sauti isibadilike, ndio, walikuwa wanafanya hivyo) walilipwa hela ndefu kweli.

Chukua "Lascia ch'io pianga" ya kwenye Rinaldo, 1711, opera ya kwanza ya Handel kuandikia London. Almirena katekwa na mchawi, anaomba aachwe alilie bahati yake mbaya na kuutamani uhuru, na melodi inakatikakatika kama mtu anayemeza kilio. Sehemu ya pili anaomba huzuni yake imvunjie minyororo, kisha anarudi palepale, niacheni nilie, maneno hayajabadilika ila sasa wewe ushaisikia hiyo minyororo na yanauma zaidi. Na Handel mjanja, melodi yenyewe alishaitumia kama dansi kwenye opera yake nyingine, Almira, huko Hamburg 1705, na Italia 1707 akaitilia maneno mengine kabisa.

Ila mimi nayoipenda zaidi ni ya opera ya Giulio Cesare (yaani Julius Kaisari, mtawala wa Roma), 1724. Cleopatra, malkia wa Misri, kajifanya mtu mwingine, anaimba "V'adoro, pupille" kumtega Kaisari, sehemu ya pili imeisha, unasubiri arudie, ghafla Kaisari mwenyewe anakatiza, eti hata mungu wa radi huko mbinguni hana melodi ya kulingana na hii, ndo Cleopatra anarudia sasa, taratibu, akijua kabisa jamaa kashanasa.