Anza na koti: dhana potofu kuhusu vazi la Halloween la kutengeneza nyumbani

Ikifika Oktoba, kinamama waliohamia karibuni hapa Des Moines, Iowa, Marekani, hunisimamisha nje ya kanisa na swali lilelile: mtoto kasema shuleni wanavaa, sasa avae nini, na hela hakuna? Wanasema Halloween, sikukuu ya mwishoni mwa Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba jioni kupewa pipi. Huku Iowa nina miaka kumi na moja na watoto wawili. Nimeshona, nimebandika, nimeunguza vidole. Mengi niliyoambiwa mwanzoni hayakuwa kweli.

"Cha nyumbani lazima kiwe cha bei nafuu"

Hii ndiyo iliyonitia hasara. Mwaka wa kwanza binti yangu alitaka kuwa malkia. Nikajiambia, mimi mtoto wa fundi cherehani wa Tanga nitanunuaje gauni la plastiki la dola 30? Nikaenda duka la vitambaa. Yadi nne za tafeta, kila yadi dola 7: 28. Lesi, 9. Kifaa cha kuyeyushia gundi ya moto, 12, na vijiti vyake, 5. Jumla dola 54, na usiku mbili sikulala. Binti alilivaa saa mbili tu, akamwagia juisi.

Kinachopunguza gharama ni kuanza na kilichomo kabatini, kisha duka la mitumba, na duka la vitambaa liwe la mwisho kabisa. Mitumba tunaijua sisi. Baadhi ya robota zinazofunguliwa Manzese na Gikomba zimetoka kwenye maduka kama haya ya huku. Tofauti ni kwamba hapa unachambua wewe kabla hajatokea mtu wa kukuuzia "grade ya kwanza". Nenda Septemba. Ukingoja wiki ya mwisho ya Oktoba utakuta kila kitu cheusi kimeshaondoka, na kilichobaki kimepandishwa bei kwa kuwekwa kwenye rafu iliyoandikwa Halloween. Na duka la dola moja? Siku hizi cha dola moja humo hukipati, ila bado panafaa.

Wapo wanaoona aibu, wakidhani Wamarekani wenyewe hununua tangu enzi na sisi tu ndio tunaounga-unga. Sivyo. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilianza mwaka 1909 kutoa vijitabu vya kufundisha watu kujitengenezea mapambo na mavazi ya Halloween kwa karatasi laini za rangi. Vazi la dukani lililofungwa kwenye boksi lilienea baadaye, kuanzia miaka ya 1930, pale kampuni kama Ben Cooper ya New York zilipoingia sokoni. Bibi za majirani zenu walivaa karatasi.

"Bila cherehani huwezi"

Felti, kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa, haichomoki nyuzi ukiikata. Flisi, kile kitambaa cha blanketi laini la bei ndogo, vilevile. Kwa hiyo hakuna pindo la kukunja, na fundi hahitajiki. Mkasi mkali, sindano, uzi na pini za kufunga zinatosha.

Mwaka juzi mwanangu mdogo alitaka kuwa kuku. Si tai wala dinosaria, kuku. Nilichukua sweta langu kuukuu jeupe lenye kofia, kubwa kwake mpaka magotini. Blanketi jeupe la flisi la mtumba, dola 3, nikalikata vipande vya umbo la jani, urefu wa kiganja. Nikavishikiza kwa mishono miwili miwili, nikianza chini ya sweta na kupanda juu, kila safu ikifunika vichwa vya safu ya chini, kama mtu anayeezeka makuti. Ukianza juu utajuta, maana kila safu mpya itabidi uipenyeze chini ya ile uliyokwisha kushona. Upanga wa kichwani nikaukata kwenye felti nyekundu, tabaka mbili, katikati nikajaza mabaki ya flisi usimame. Miguu ilikuwa glavu za njano za kuoshea vyombo, dola moja na robo. Nilizipasua kwa chini, zikafunika viatu kwa juu tu huku soli zikikanyaga ardhi, maana mpira kwenye majani mabichi ni kuteleza. Pamoja na utepe wa kung'aa nitakaouzungumzia, vyote havikufika dola 10.

"Vazi ni vazi, baridi atavumilia"

Hatavumilia, na wewe hutamruhusu. Utamvika koti juu, na kazi yako yote ifunikwe na koti la buluu lenye zipu. Nimeona mitaa mizima ya watoto waliovaa makoti, ukiuliza wewe nani, anafungua zipu akuonyeshe kidogo.

Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka Minneapolis, jiji la jimbo jirani la Minnesota, siku hiyohiyo ya Halloween, na hadi ilipokoma zilikuwa zimeshuka inchi 28.4, yaani zaidi ya sentimita 70. Si kila mwaka huwa hivyo. Lakini baridi ya kuuma mwishoni mwa Oktoba huku ni jambo la kawaida, kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "unataka kuwa nani?" Liwe "koti lako lina rangi gani?" La kahawia linatoa dubu au simba, la kijani linatoa chura, la kung'aa linatoa mwanaanga. La sivyo fanya nilivyofanya kwa kuku: vazi liwe kubwa, livaliwe juu ya koti. Mpime akiwa na koti mwilini, sio na fulana.

"Pamba ni salama, nailoni ndiyo inayoungua"

Hapa hata mimi nilibisha. Tumezoea kwamba pamba ni nguo ya heshima na polista ni ya shida. Kwa moto mambo hugeuka. Pamba nyepesi na yenye manyoya hudaka mwali upesi. Ndiyo maana tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa hushauri polista au nailoni, au nguo yenye lebo inayosema inahimili moto. Si kwamba hizo haziungui, zinayeyuka na kushika ngozi, lakini huchelewa kuwaka.

Kuna kesi ya Michigan. Mwaka 1984 mwanamume mzima alikwenda kwenye sherehe ya Halloween akiwa mwanakondoo. Mkewe alikuwa amebandika pamba ya hospitali kwenye nguo zake za ndani ndefu. Akawasha sigara, kiberiti cha gesi kikagusa mkono wa nguo, pamba ikashika. Wakashtaki kampuni ya pamba, na mwishoni hawakupata kitu. Kila nikiona maelekezo ya kondoo wa pamba namkumbuka yule baba.

Na ninajisema mwenyewe: mwaka wa pili nilimfanyia binti joho la shujaa kwa kanga yangu, jina la kanga likisomeka mgongoni. Lilipendeza kupita kiasi. Ila ni pamba nyepesi, inaburuzika, na kwenye ngazi za watu kuna maboga yenye mishumaa ndani. Tulipofika nyumba ya tatu nilimvua. Joho liishie kiunoni, lishikwe mabegani kwa vibandiko vinavyoachia likivutwa, lisifungwe fundo shingoni.

"Uso mchore kwa wanja, tunao nyumbani"

Wanja wa kopo kutoka nyumbani usiutumie kumchora mtoto sharubu za paka. Wanja wa asili mara nyingi una risasi, ile sumu ya metali, na Marekani hairuhusu kutumiwa kwenye vipodozi. Penseli ya nyusi ya dukani inatosha. Rangi za uso zijaribu mkononi siku moja kabla, uone kama atatoka vipele. Zile zinazong'aa gizani zikae mbali na macho. Vinyago vya uso mzima mimi sivipendi hata kidogo: mtoto anaona mbele tu, kama farasi wa mkokoteni.

"Hatari ya usiku ule ni pipi zenye sumu"

Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia habari hizo kuanzia za mwaka 1958, na hajapata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa na pipi za sumu zilizogawiwa ovyo na mgeni. Mtoto aliyekufa Texas mwaka 1974 alipewa sumu na baba yake mzazi.

Gari ndilo la kuogopa. Utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia miaka 42 ya takwimu za Marekani, ulikuta hatari ya mtembea kwa miguu kufa jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 ukilinganisha na jioni nyingine za karibu yake. Hilo ni suala la vazi. Huku watoto huzunguka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na jua huzama mwanzoni tu mwa muda huo. Utepe wa kuakisi mwanga, dola 4, ubandikwe mgongoni, kwenye mikono na kwenye mfuko wa pipi. Kuku wangu alikuwa na mistari miwili chini ya mkia.

"Lazima avae shetani au maiti"

Halazimiki. Watoto wengi wanaopita kwangu ni wanyama, malkia na zimamoto. Asiyetaka mtoto wake ashiriki kabisa, hiyo ni imani yake na simbishii. Yapo hata makanisa yanayopanga magari uwanjani, buti zikiwa wazi, watoto wakapita kuchukua pipi humo.

"Wenzake watamcheka"

Des Moines hapana. Hapa kuna desturi iliyoanzishwa mwaka 1938, Usiku wa Ombaomba, ili kuwatuliza vijana waliokuwa wakiharibu mali za watu. Mtoto hapewi pipi mpaka aseme kichekesho. Mlangoni macho ni kwa vazi sekunde moja, halafu masikio yote ni kwa utani.

Mwanangu hakuwa na kichekesho. Tukiwa njiani nikamfundisha kitendawili. Bibi mmoja mzee akafungua mlango, kuku akasimama na glavu zake za njano, akamwambia kwa Kiingereza: nyumba yangu kubwa haina mlango. Bibi akafikiri, akasema kaburi. Akafikiri tena, akasema boga. Mtoto akageuka, akamwonyesha mkia, akasema: "Yai! Mimi ni kuku!" Alipewa konzi mbili za pipi.