Wengi wape, na mahabusu je?

Kuna semina niliyoitoa Igoma, hapa Mwanza, ambayo mpaka leo inanidai. Ilikuwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa parokia, wanajumuiya kama arobaini, feni moja inazunguka kwa kulalamika. Mada ilikuwa ileile ninayoifundisha miaka yote, mafundisho jamii ya Kanisa. Nilipofika kwenye suala la kuwatesa watuhumiwa, nikasema kwamba Mkatoliki hana ruhusa ya kuliunga mkono, hata kwa kunyamaza tu. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama. Ni mvuvi, au tuseme alikuwa mvuvi mpaka usiku ule wezi walipoondoka na injini ya mtumbwi wake.

"Mwalimu," akasema, "wahenga walisema wengi wape. Sisi wavuvi tuko wengi, mwizi ni mmoja. Akitandikwa mpaka aseme injini iko wapi, wengi tunapona. Si ndiyo hayo mafao ya wengi unayotufundisha?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikajibu vibaya: nikamsomea Katiba. Ibara ya 13(6)(e) inasema wazi kuwa "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha". Ni maneno mazuri na ninayajua kwa moyo, lakini mzee hakuuliza sheria inasemaje. Aliuliza kama imani yake inamruhusu kutaka kile anachokitaka. Basi leo namjibu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu kosa limelala humo. Kwa mtu wa Mwanza ukisema "mafao", mawazo yake yanakwenda kwenye kiinua mgongo na kikokotoo, na simlaumu. Ila kanisani tumelichukua neno hilo kubeba kile ambacho Kilatini hukiita bonum commune, yaani wema ulio wa pamoja. Na mara nyingi sana, kwenye mahubiri na hata kwenye maandishi yetu, tunaandika "mafao ya wengi". Nimeandika hivyo mimi mwenyewe kwenye vijitabu vya semina. Neno la Kilatini halisemi wengi. Linasema kitu ambacho ni chetu sote kwa pamoja, kama ziwa. Ukimwaga sumu ya kuvulia samaki upande wa Ilemela, huwezi kusema umewafaidisha wengi wa Nyamagana. Maji ni hayohayo.

Maana rasmi ilitolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati iitwayo Gaudium et Spes, ya tarehe 7 Desemba 1965, ibara ya 26. Mtaguso huo alihudhuria Kardinali Laurean Rugambwa, mtoto wa upande wa pili wa ziwa letu, kwa hiyo tusiseme ni mambo ya Wazungu peke yao. Kwa maneno yangu: mafao haya ni jumla ya mazingira ya maisha ya kijamii yanayowawezesha watu, wakiwa makundi na wakiwa mmoja mmoja, kuufikia ukamilifu wao kwa urahisi zaidi. Hapo kwenye "mmoja mmoja" ndipo hoja ya mzee wangu inapokwama. Hesabu ya wengi dhidi ya mmoja haipo kabisa. Aliye mahabusu ni mmoja wa hao mmoja mmoja, na siku anapovunjwa mbavu ili wengine wapate usingizi, kilichoongezeka ni raha ya baadhi ya watu. Huwezi kuiita mafao ya wote wakati mmoja wao yuko sakafuni.

Ibara inayofuata, ya 27, inaorodhesha mambo yanayomkosea mwanadamu na kumkosea Muumba heshima. Mateso ya mwili au ya akili yamo, na kujaribu kuilazimisha nia ya mtu kumo, pamoja na mauaji na utumwa. Halafu hati inaongeza jambo ambalo nimewahi kulisoma mbele ya maaskari, na chumba kikawa kimya: matendo hayo yanawachafua zaidi wanaoyatenda kuliko wanaotendewa.

Kama mnataka kuona hoja ya "wengi" ikisemwa vizuri kuliko alivyoisema mzee, fungueni Yohana 11:50. Kayafa, kuhani mkuu, yuko barazani, watu wana hofu, Warumi wako mlangoni. Anasema, "yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, wala lisiangamie taifa zima." Kayafa si mjinga wala mlevi. Ni kiongozi mwenye hesabu, na anayemhesabu ni Yesu, mahabusu wa kesho.

Sasa tuje nyumbani, maana jambo hili lina historia hapahapa Usukumani na vijana wengi hawaijui. Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Bibi aliyedhaniwa mchawi kwa macho yake mekundu, mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni tu, alilala bila kujua kama ataamka. Serikali ikaamua kukomesha. Watu wakakamatwa kwa wingi, na katika kuwahoji, vyombo vya dola vikawatesa, baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashikilia. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere hazikufunikwa. Maofisa walifikishwa mahakamani, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa hakuna aliyedai kwamba yeye alimgusa mtu.

Kujiuzulu huko kunasifiwa kila tunapozungumzia uwajibikaji, na kunastahili. Ila mimi hunishika kitu kingine. Wale maofisa hawakutumwa kufanya uovu. Walitumwa kuwalinda vikongwe, watu wanyonge kuliko wote kijijini. Lengo lilikuwa jema kuliko injini ya mtumbwi. Na bado yaliyotokea yalitokea, kwa sababu aliyekuwa ndani ya chumba aliacha kuhesabiwa kuwa sehemu ya umma unaolindwa.

Kwa nini Kanisa halikubali hata pale lengo linapokuwa jema kiasi hicho? Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye wazee wetu wanakumbuka alivyofika Mwanza Septemba 1990, aliandika miaka mitatu baadaye katika Veritatis Splendor kwamba kuna matendo maovu kwa asili yake yenyewe. Nia njema inaweza kupunguza lawama ya mtendaji, lakini haiwezi kuligeuza tendo likawa jema. Mifano aliyoitoa aliichukua kutoka ileile ibara ya 27, na mateso yamo. Kombe la sumu ukilitia asali linabaki na sumu.

Hapa msikilizaji mwenye akili hunyoosha mkono: na Kanisa lenyewe je? Ndiyo. Mwaka 1252 Papa Inosenti wa Nne aliruhusu watuhumiwa wa uzushi wateswe ili wakiri, mradi wasikatwe viungo wala kufa. Karibu miaka mia nne kabla yake, mwaka 866, Papa Nikolao wa Kwanza alikuwa amewaandikia Wabulgaria kwamba kumpiga mtu ili akiri hakukubaliki kwa sheria ya Mungu wala ya wanadamu. Yaani tulijua, kisha tukajisahaulisha. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2298, inakiri kwamba wachungaji wa Kanisa nao walifuata sheria za Kirumi kuhusu mateso. Napenda kwamba imeandikwa humo. Katekista asiyeweza kuisoma namba hiyo kwa sauti asifundishe 2297, inayokataza mateso. Vatikani ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso mwaka 2002, na mwaka 2013, chini ya Papa Fransisko, mateso yakawa kosa la jinai katika sheria zake.

Kuna hoja moja ambayo wenzangu wa haki za binadamu wanaipenda na mimi naitumia kwa shingo upande: kwamba mateso hayaleti ukweli. Ni kweli hayaleti. Mtu anayeumia husema kile anayemuumiza anataka kusikia. Lakini ukiijenga nyumba yako juu ya hoja hiyo, siku mtu mmoja akitandikwa na injini ikapatikana kweli, utabaki huna la kusema. Ukuta wa Kanisa umejengwa mahali pengine: mtu huyo si chombo cha kufungulia kabati la siri.

Namna ulinzi unavyofanya kazi nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa wengi huuliza. Maelezo anayoandika mtuhumiwa polisi huitwa maelezo ya onyo, kwa sababu lazima kwanza aonywe kwamba halazimiki kusema. Akikiri, anaweza kupelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Huyu kazi yake ya kwanza ni kumtazama. Anamuuliza analala wapi, amekula nini, kama ametishwa au kuahidiwa kitu, kisha anaukagua mwili wake na kuandika kila alama anayoiona. Baadaye, mtuhumiwa akisema kortini kwamba alilazimishwa, jaji husimamisha shauri na kusikiliza kwanza hilo tu. Mawakili huita kesi ndani ya kesi, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kuwa alikiri kwa hiari. Ndugu wa mtu aliyeumia waulizie PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mapema, siku hiyohiyo. Jeraha hupona haraka kuliko jalada linavyosogea.

Nimekaa na jambo moja kwa muda, sijui kama nilipaswa kuliandika. Sitaji gereza wala kituo. Tulikuwa kwenye Misa ya mahabusu, mimi nikiwa na kamati yetu ya haki na amani. Padre alipoanza, kijana mmoja wa mstari wa tatu alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Nilidhani ni utovu wa mafundisho, nikajisemea nitamrekebisha. Baada ya Misa nikamsogelea. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki kupita kifua. Alisema uliacha kuinuka kabla hajaletwa pale, huko alikohojiwa. Aliulizwa ametumwa na nani, akataja majina manne. "Mmoja alishakufa, Mwalimu," akaniambia. "Nilimtaja kwa sababu najua hawawezi kumfuata."

Alikuwa anatuhumiwa kwa injini za mitumbwi.

Sikumwambia mzee habari hii. Si kwa sababu naogopa kujibiwa. Sijui hata kama ni kesi yake, wezi wa injini si mmoja kwenye ziwa hili. Ila wiki ya pili ya Kwaresima, tulipokuwa tunakusanya vitu vya kupeleka gerezani, alikuja mwenyewe parokiani na miche mitano ya sabuni kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia.

"Mwalimu, andika. Mitano. Ila yule mwizi wangu, kama yumo humo, asipewe."

Nikaandika mitano. Kwenye daftari letu hakuna safu ya nani asipewe.

Ukifika gerezani, sabuni haigawiwi kwa majina. Baada ya askari kuikagua, tunakaa chini ya mti na uzi wa kushonea nyavu, tunaukaza kwenye mche mpaka unakatika vipande, tukihesabu vichwa kwanza ili vitoshe. Siku ile walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea, kwa hiyo kila kipande kikawa chembamba, kama mkate unaokatwa nyumba yenye wageni. Wakapanga foleni. Yule wa mkono wa kushoto alikuwa karibu na mwisho. Nikampa kipande chake, akakipokea, akakinusa kwanza.